Sura ya Sita: Muswada Usiovuka Matuu

Kuna riwaya hapa Masinga, katika kaunti ya Machakos. Sisemi vitabu teule ambavyo wanafunzi hubeba mikobani wakijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Nasema riwaya zilizoandikwa hapa hapa, Kithyoko, Kivaa, Ekalakala na Ndithini, kwa kalamu ya wino wa buluu, na watu ambao mchana hufundisha, hulima ndengu, huuza dukani au huendesha bodaboda. Mwalimu wa Kiswahili akishakaa mahali miaka kadhaa, madaftari hayo humfikia. Huletwa jioni, yamefungwa ndani ya mfuko, na huja na sharti. "Mwalimu, soma, lakini usimwonyeshe mtu. Bado haijaiva."

Katika madaftari niliyosoma kuna jambo moja linalojirudia mpaka linanitia uchungu. Sura ya kwanza huwa imeandikwa vizuri mno. Sentensi zimenyooka, methali zimekaa mahali pake, machweo yamepambwa. Sura ya pili bado ina nguvu. Kufikia ya tano mwandiko umelegea, ya saba ina kurasa mbili, ya nane ni kichwa tu. Ukimuuliza mwenyewe atakuambia kazi hii imemchukua miaka, naye anasema kweli. Miaka hiyo yote imeishia kwenye sura ya kwanza. Kila likizo ya Desemba hulifungua daftari, husoma kuanzia mwanzo, huona neno lisilomridhisha ukurasa wa pili, hulifuta, huandika jingine, na Januari humkuta pale pale.

Majirani wakimwona ameinama mezani husema ana bidii. Mimi nasema ana woga, na nalitumia neno hilo kwa heshima, kwa sababu woga huu haukuzaliwa naye. Alifundishwa.

Tuanzie darasani, maana ndiko wengi wetu tulikokutana na Kiswahili cha kuandika. Mtoto wa Masinga huongea Kikamba nyumbani. Kiswahili sanifu hukipata shuleni, na hukipata pamoja na kalamu nyekundu. Insha ya mtihani wa kidato cha nne husahihishwa kwa alama 20, na makosa ya hijai na ya sarufi hutiwa alama moja baada ya jingine. Mwanafunzi hujifunza mapema kwamba kila sentensi ni mtego. Hujifunza pia kwamba methali na misemo humpendeza mtahini, basi huzikariri na kuzipanga mwanzoni mwa insha, pale ambapo jicho la mtahini bado halijachoka. Silaumu mtihani kwa kuwa mtihani. Lazima pawe na njia ya kupima wanafunzi wengi kwa usawa. Lakini mtu yule yule akifika miaka 30 na kuanza riwaya, mtahini huyo bado amekaa begani mwake. Anaandika hadithi ya mvuvi aliyemezwa na maji ya bwawa la Masinga, na badala ya kumtazama mvuvi anatazama viambishi vyake.

Riwaya haisahihishwi kwa alama 20. Msomaji aliyepanda matatu Thika akifungua kitabu hatafuti kosa la kwanza. Anatafuta mtu wa kumfuata. Ukimpa mtu huyo, atakusamehe machweo yasiyopambwa. Usipompa, methali zako zote hazitamfikisha hata mji wa Matuu, ulio njiani kuja Masinga.

Juu ya hofu ya mtihani imepandwa hofu nyingine, na hii waandishi wa bara huisema kwa sauti ya chini: Kiswahili changu si cha pwani. Mtu husoma kazi za Wazanzibari, huona msamiati unaotiririka ambao yeye hakuusikia jikoni kwa mama yake, kisha hujiambia kwamba yeye ni mgeni katika lugha hii na mgeni hapewi kigoda. Naielewa hofu hiyo, ila historia ya riwaya ya Kiswahili haikubaliani nayo hata kidogo. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria, mbali kabisa na Bahari ya Hindi, na lugha ya kwao ni Kikerewe. Rosa Mistika yake ilitoka mwaka 1971, akiwa bado kijana aliyetoka juzi tu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ken Walibora, ambaye Siku Njema yake ya mwaka 1996 na Kidagaa Kimemwozea vimesomwa na vizazi vya wanafunzi wa Kenya, asili yake ni magharibi mwa nchi. Na kama unataka mtu wa karibu zaidi, Kyallo Wadi Wamitila ni mwana wa Ukambani. Nguvu ya Sala, Bina-Adamu! na Musaleo! ni riwaya ambazo leo wasomi wa fasihi ya Kiswahili hawawezi kuzipita wakizungumzia majaribio ya kisanaa katika utanzu huu. Lugha hii ina Wapemba na Waunguja waliobobea, nasi tunawasoma kwa faida yetu. Lakini tukiondoa watu wa bara, nusu ya rafu ya riwaya za Kiswahili itabaki tupu.

Hofu ya tatu ni ya mfukoni, na vitabu vingi vya kuwatia moyo waandishi huiruka. Kuchapisha muswada kwenye saiba hulipiwa kwa ukurasa. Nauli ya kwenda Nairobi na kurudi, zaidi ya kilomita 100 kila upande kupitia Matuu na Thika, ni pesa ambayo ingenunua unga. Mwandishi wa Masinga anapojiuliza kama kazi yake inatosha, hajiulizi kwa majivuno. Anajiuliza kama ana haki ya kuichukua pesa hiyo kwa ajili ya jambo ambalo huenda likakataliwa. Siku hizi mambo ni mepesi kidogo: wachapishaji wengi hupokea miswada kwa barua pepe, na nimeona vijana wakiandika sura nzima kwenye simu. Hata hivyo shaka iliyokomaa wakati wa dhiki haiondoki kwa sababu intaneti imefika.

Lakini kuna mtu aliyekataa kungoja ruhusa, naye alitoka katika wilaya ya zamani ya Machakos. David Maillu alizaliwa Kilungu mwaka 1939, sehemu ambayo sasa iko Makueni. Alifanya kazi ya uchoraji katika shirika la utangazaji la Sauti ya Kenya, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaanzisha kampuni yake ya kuchapisha, Comb Books. Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle zilitoka mwaka 1973, After 4.30 mwaka uliofuata. Wasomi wa vyuo vikuu walizishambulia kwa ukali. Wengine walikataa kabisa kuziita fasihi. Tanzania ilipiga marufuku baadhi yake. Watu wa kawaida walizinunua, wakazisoma ndani ya mabasi na ofisini, wakazikopeshana mpaka majalada yakachanika.

Sikubaliani na kila alichoandika Maillu, na baadhi ya vile vitabu vya mwanzo nisingempa mwanafunzi wangu. Ninachotaka mwandishi wa Masinga akitazame ni mwendo wa maisha yake ya uandishi. Comb Books iliporomoka, naye akaanzisha nyumba nyingine ya uchapishaji kwa jina lake. Aliandika kwa Kikamba. Mwaka 1989 alitoa Without Kiinua Mgongo, kitabu kilichochanganya Kiingereza na Kiswahili waziwazi, kama watu wa mjini wanavyoongea. Mwaka 1991 alitoa Broken Drum, riwaya ya kurasa zaidi ya elfu moja. Mtu aliyeandika kitabu hicho kikubwa asingekuwepo kama yule kijana wa 1973 angekaa akisugua ukurasa wa kwanza mpaka wakosoaji wamridhie. Vitabu vidogo vilimfundisha kuandika, na vilimfundisha kwa sababu vilitoka mikononi mwake vikasomwa na watu wasiomjua.

Hapa Machakos tuna mfano wa kazi nyingine ya mikono unaofaa kukumbukwa. Uchongaji wa vinyago ulioifanya Wamunyu ijulikane duniani huhusishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kuurudisha nyumbani. Kijana anayejifunza kuchonga Wamunyu hapewi gogo moja la kukaa nalo miaka kumi. Huchonga twiga, twiga huyo hupigwa msasa, hutoka kwenda sokoni akiwa na shingo iliyopinda kidogo, na kijana hushika gogo jingine. Shingo ya twiga wa pili hunyooka kwa sababu wa kwanza ameondoka.

Kuna waandishi watakaoniambia kwamba kitabu si kinyago, kwamba kikishachapishwa hakirudi. Si kweli. Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa A Grain of Wheat mwaka 1967, na karibu miaka 20 baadaye akaifanyia marekebisho na kuitoa upya. Kitabu kilikuwa kimeshasomwa, kimefundishwa, kimeandikiwa tahakiki, na bado mwenyewe aliona pa kurekebisha. Angeingoja ile hali ya kutokuwa na la kurekebisha, tusingekuwa na toleo la kwanza wala la pili. Ngũgĩ huyo huyo alipokuwa mwanafunzi Makerere aliandika kwanza hadithi iliyokuja kuitwa The River Between, lakini iliyotangulia kutoka ni Weep Not, Child, mwaka 1964. Mzaliwa wa kwanza alitoka wa pili, na hakuna msomaji anayejali. Na alipofungwa Kamiti mwaka 1978 aliandika Caitaani Mutharabaini kwa karatasi za msalani. Sisemi kwamba mateso ndiyo mwalimu mzuri; Mungu atuepushe na uandishi wa namna hiyo. Nasema meza nzuri, kompyuta mpya na likizo ndefu, vitu ambavyo tunavitaja kila mwaka kama sababu ya kutomaliza, havimo katika orodha ya vilivyohitajika.

Sasa turudi kwenye shaka yenyewe, nisije nikaeleweka kama mtu anayesema shaka yote ni adui. Madaftari mengine niliyosoma hayako tayari, na mwenyewe anajua. Kazi ni kutenganisha shaka mbili ambazo kwa nje zinafanana. Ya kwanza ina anwani. Inasema: katika sura ya nne, Mutua anaondoka nyumbani na sijaeleza kwa nini. Inasema: mama huyu anaongea kama mwalimu mkuu, hakuna mama wa Kivaa anayeongea hivi. Shaka hiyo ishike mkono, ikae nawe mezani, maana ni nusu ya kipaji chako. Ya pili haina anwani. Inasema: mimi siwezi. Inasema: nani atasoma. Inasema: wenzangu walisoma chuo kikuu. Iulize inataka urekebishe ukurasa gani, nayo haina jibu. Hiyo ndiyo inayokurudisha sura ya kwanza kila Desemba, kwa sababu sura ya kwanza ndipo mahali pekee ambapo mtu anaweza kujishughulisha bila kusonga mbele.

Dawa yake ninayoijua mimi ni kufuata mpangilio wa kazi. Rasimu ya kwanza huandikwa mpaka mwisho bila kurudi nyuma. Ukikumbuka kosa, liandike kando, kwenye karatasi nyingine, kisha endelea. Ukifika mwisho, hata kama mwisho wenyewe ni dhaifu, umevuka mto ambao wengi hawauvuki. Sasa una kitabu kibovu, na kitabu kibovu kinaweza kutengenezwa. Sura moja nzuri haiwezi kutengenezwa kuwa chochote. Baada ya hapo mpe mtu wa kwanza. Usimpe anayekupenda sana, wala anayekuonea wivu. Mpe mtu anayesoma riwaya kwa kupenda, umwambie akuandikie mahali alipochoka na mahali alipotaka kujua zaidi, basi. Usimuulize kama ni nzuri. Swali hilo halimsaidii yeyote, na jibu lake litakukalia usiku.

Woga wa majirani nao una uzito wake vijijini. Masinga si Nairobi. Hapa watu wanajuana. Ukiandika juu ya chifu mla rushwa, kila mtu atajua chifu unayemdhania. Ukiandika juu ya familia zilizohamishwa wakati Mto Tana ulipozibwa na bwawa likakamilika mwaka 1981, kuna wazee ambao bado wanayataja mashamba yaliyo chini ya maji kwa majina, na kuna wengine wasiotaka yatajwe. Kezilahabi alijua hali hiyo. Rosa Mistika, inayoeleza jinsi ukali wa baba ulivyomharibu binti, ilizuiwa shuleni Tanzania kwa muda, kisha ikaja kufundishwa katika shule hizo hizo. Mwandishi ana wajibu wa kubadilisha majina, sura na mahali ili asimdhuru mtu aliye hai. Akishautimiza wajibu huo, woga uliobaki asiuite ukamilifu. Nimeona mwandishi akisema hajaridhika na lugha, kumbe sura anayoificha ni ile ya mjomba wake.

Kisha kuna kukataliwa. Mtu anayetuma muswada kwa mara ya kwanza hudhani mchapishaji ni hakimu wa kipaji. Mchapishaji ni mfanyabiashara mwenye kodi ya kulipa na mishahara ya kutoa, na Kenya biashara hiyo imesimama juu ya vitabu vya shule. Riwaya ya watu wazima isiyotarajiwa kuwa kitabu teule ni hatari kwake hata ikiwa nzuri. Ndiyo maana barua nyingi za kukataa hazisemi lolote juu ya kazi yenyewe. Husema kwamba haiingii katika mpango wa mwaka. Wakati mwingine hakuna barua kabisa, ni kimya. Kimya hicho kinauma, sitadai kwamba hakiumi. Lakini usikisome kama tahakiki, maana si tahakiki. Ukipata barua inayotaja kosa, hata kwa ukali, itunze: kuna mtu alisoma kazi yako mpaka akapata la kusema.

Tazama pia umri wa wenzako. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar alizaliwa mwaka 1948 na riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, ilitoka mwaka 1987. Alikuwa amekaribia miaka 40. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel, na mwaka uliofuata Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ikatoa Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Wengine walingoja zaidi ya hapo. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilichapishwa mwaka 1968. Kazi hizo zilimngoja mchapishaji mpaka mwenyewe akazikwa, lakini zilikuwa zimekamilika. Hilo la kukamilika ndilo lililozinusuru. Daftari lenye sura moja ya kupendeza likibaki kabatini baada ya mwenyewe kuondoka, watoto wake watalikuta na hawatajua la kufanya nalo.

Neno la tahadhari kwa haraka: aliyechoka kungoja huwa windo rahisi. Mtu akikusifu kwa barua ndefu kisha akakutaka ulipe kabla ya kukichapisha kitabu chako, simama. Kujichapishia mwenyewe, kama Maillu alivyofanya, ni njia halali na ina hesabu zake: unajua bei ya karatasi, unajua nani atauza, na nakala zote ni zako. Kumlipa mgeni akuite mwandishi ni jambo lingine.

Na mlango uko wazi kuliko unavyodhani ukiwa Masinga. Tangu mwaka 2015 hutolewa tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell na sasa inaitwa Safal-Cornell. Tuzo hiyo hupokea riwaya zilizochapishwa, na hupokea pia miswada ambayo haijawahi kuchapishwa. Mwandishi wa Kithyoko hushindanishwa na wa Unguja kwa kurasa alizotuma. Hakuna anayeulizwa kama nyumbani kwao wanaongea Kikamba.

Basi nakuomba, wewe uliye na daftari. Usilifungue ukurasa wa kwanza wiki hii. Fungua pale ulipoachia, hata kama ni sura ya nane yenye kichwa tu, uandike sentensi inayofuata, na kesho nyingine. Ukifika mwisho, tafuta mtu wa kukusomea, rekebisha yale yenye anwani, lipa saiba, tuma. Ukishatuma, anza kitabu cha pili siku hiyo hiyo.